Mwadhini

Ngamiani, Barabara ya Kumi na Tatu,
jina langu la Mbaruku lilishakufa kitambo.
Nilikuwa Mwadhini.
Muuza mkaa aliniita Mwadhini, mwenye duka akinidai aliniita Mwadhini,
hata mama yangu, Mungu amrehemu, mwishoni
alisahau kuwa alinizaa, akakumbuka sauti.

Kisha daktari akaandika kwenye karatasi.
Waliniingiza na koo, wakanitoa na tundu.
Palipokuwa na kikoromeo pana kitambaa cheupe;
Mwantumu hukifua kila jioni,
hukianika mbali na macho ya watu.

Miezi ya mwanzo niliamka saa kumi na robo
kama jogoo aliyekwisha kuchinjwa, miguu bado inarusha.
Nikakaa ukingoni mwa kitanda, nyayo zinatafuta ngazi.
Ngazi ishirini na mbili. Ya tisa ina ufa.
Kijana Twalibu ndiye aliyeshika kipaza sauti
na nilimchukia, Mola anisamehe,
kwa vile anavyokata pumzi kabla ya wakati
kama mtu aliyemwona anayemdai.

Nikasema (niliandika; sijazoea bado)
kwenye daftari la mjukuu, la hesabu, lenye vyumba vyumba:
Mimi si mtu tena.
Mwantumu akasoma, akasonya.
Akachukua kalamu, yeye mwenye mdomo wake mzima,
akaandika chini yake:
Chai imepoa.

Sikumbuki ilikuwa siku gani.
Vuli ilikuwa imenyesha, bati linadondosha,
kengele ya baiskeli ya muuza mikate inalia kwa mbali.
Twalibu akaanza.
Nami pale ukingoni nikang'amua jambo
lililonipita miaka thelathini na mmoja:
sijawahi kuitwa.
Nilikuwa juu, kidole sikioni,
nikiuamsha mtaa mzima, wagonjwa na wezi,
kama mlango unavyoingiza wageni
wenyewe ukabaki nje na mvua.

Ni suna asikiaye ayarudie maneno.
Nikayarudia. Hakikutoka kitu,
ila kitambaa shingoni kilipepea,
kikatulia,
kikapepea.

Bado anakata pumzi mapema, yule mtoto.
Nitamwandikia.
Nikainama, nikapapasa kandambili uvunguni.
Moja nimeipata.
Ya pili sijui Mwantumu kaiweka wapi.