Maji ya Kwanza

Mama yangu, huko Mvumi, huchemsha fiwi mara mbili.
Maji ya kwanza humwaga nyuma ya zizi,
na kuku wakiyasogelea huwafukuza kwa ufagio.
"Yana nini?" nilimuuliza nikiwa darasa la tatu.
"Yana tumbo," akasema,
akafunika sufuria. Somo likaishia hapo.

Leo nina miaka thelathini na mbili, koti jeupe lenye doa la iodini,
na kilo moja ya fiwi zake ndani ya rambo.
Nimepanda nazo kilima cha Chimwaga
kulitafuta hilo tumbo kwa jina lake.

Nilizisaga mbichi. Nikazilaza kwenye maji ya chumvi,
usiku kucha, katika jokofu tunalogawana na dawa za panya wa Dakta Mahinyila.
Asubuhi mashine ikazizungusha hadi makapi yakatulia chini,
juu yakabaki maji ya rangi ya togwa iliyochujwa.
Humo mna protini elfu.
Ninayoitaka ni moja.

Huiiti. Huifukuzi.
Unaitegea sukari.

Bomba la kioo, jembamba kama kidole cha shahada,
nimelijaza agarosi: vishanga vyeupe,
vidogo kuliko punje ya uwele.
Asili yake mwani, wa bahari ambayo mama hajaiona,
na kila kishanga kimefungiwa manosi kwa kamba ya kemia,
sukari isiyoyeyuka, isiyolambika,
mbuzi aliyefungwa kigingini kumngoja fisi.

Nikamimina. Tone.
Tone.
Ndahani, wa mwaka wa pili, akauliza, "Umeme ukikatika?"
"Maji yakishuka hayanunui luku."

Zilizo nyingi zilipita,
kama mabasi ya Singida yanavyoipita Bahi bila kusimama.
Utamu ulikuwepo; hazina mdomo wa kuuonja.
Nikaosha. Nikaosha tena.
Katika mji ambao ndoo ina bei na ina foleni
niliona haya kumwaga lita zote zile kwa ajili ya vishanga.
Kipima mwanga kikateremka: moja nukta nne,
sufuri nukta tatu,
sufuri nukta sufuri mbili,
sufuri.
Bomba likawa kama nyumba iliyoagana na wageni wake,
kumbe mmoja amelala chumba cha ndani.

Sasa huyo, utamtoaje?
Kunasa si kazi. Kazi ni kunasua.
Asidi ingemtoa, lakini angetoka amevunjika.
Nikamletea sukari ileile, manosi,
imeyeyushwa majini, haina kamba.
Akaiachia iliyofungwa, akaishika iliyo huru,
akashuka nayo, mzima,
tone la saba, la nane, la tisa,
maji maangavu ambayo ungeapa ni matupu.

(Nami niliwahi kukaa miaka sita
nimeng'ang'ania kitu kilichofungwa kigingini.
Hayo si ya maabara.)

Vishanga nikavisuuza, nikavilaza kwenye spiriti;
vitatega tena Jumanne.

Nikajichoma kidole.
Tone la damu yangu, lililosafishwa, likagawanywa visima viwili.
Kwenye chumvi tupu chembe zilizama, zikawa kifungo kimoja chekundu.
Kwenye maji ya mgeni wetu hazikuzama.
Zilishikana, zikatanda kisima kizima
kama mkeka.
Ndahani akapiga picha. Mimi nikampigia mama.

"Nimeliona lile tumbo."
"Likoje?"
"Halina rangi. Linapenda sukari, na likikutana na damu huikamatanisha."
Akanyamaza. Nikasikia kifuniko, moto, kuku.
"Fiwi umezimaliza zote?"
"Zimebaki nusu."
"Basi hizo zilizobaki," akasema,
"chemsha mara mbili."