Mtungi Mtupu Mlangoni

Kiarabu nimekimaliza, Mola.
Rakaa zimetimia, nyuradi nimezisoma,
tasbihi imezunguka mpaka uzi umelegea.
Sasa nakuja na Kiswahili,
lugha niliyodekea kwa bibi yangu,
maana nina jambo la kukudai.

Jana wadi imeshuka Ibra bila wingu.
Jua kali, nguo zangu zimekauka kambani,
kumbe mvua imepiga huko milimani.
Maji yakaja na mawe, na mitende, na mbuzi wa watu,
yakaichukua gari ya gesi
na Shaji ndani yake.

Shaji, Mola. Mhindi wa mitungi.
Yule anayegonga chuma kwa spana, ngo, ngo, ngo,
mtaa mzima tukajua ni Jumatatu.
Hakuombi kwa jina ninalokuitia mimi.
Ana kijipicha chake kwenye kioo cha gari,
na mama yake simjui jina, nikakutajia.
Wewe unamjua.
Basi anzia hapo.

Siombi kwa wema wangu,
hautoshi kununua hata limau.
Wala kwa wema wake: chenji hurudisha pungufu.
Naomba kwa neno Lako.
Ulisema tuite, utaitika.
Ulisema u karibu kuliko mshipa huu
unaonipiga shingoni tangu magharibi.
Sikusema mimi. Ulisema Wewe.
Kwetu ahadi ni deni,
sijui Kwako.

Bahari uliipasua, watu wakapita nyayo kavu.
Samaki ulimwamuru atapike, akatapika.
Sasa wadi hii ya siku mbili,
ambayo wiki ijayo itakuwa vumbi
na watoto wataichezea mpira,
hii ndiyo ikushinde?

Astaghfirullah. Nimepandisha sauti.
Lakini mikono sijaiteremsha.

Watu wa uokozi wanamulika taa kule mitendeni.
Mwanangu Yaarub yuko nao, simu hapokei.
Mpe Shaji mti ashike. Mpe jiwe.
Mpe hata paa la hiyo gari,
Wewe huhitaji nafasi kubwa.

Majogoo ya jirani yameanza.
Kesho, la, leo,
leo ni Jumatatu.
Nimetoka nje na ukungu wa maji,
nimeuburura mtungi uliokwisha,
nimeuweka mlangoni, upande ule ule,
na riali tatu chini ya kijiwe.