Somo la Saa Tano, Langoni

Ramani ya dunia ya darasa letu imeliwa na mchwa,
na mchwa, kwa sababu wanazozijua wenyewe,
waliiacha Ulaya nzima, wakaacha hata barafu za Aktiki,
wakatoboa Pasifiki, kusini kidogo ya Ikweta,
pale pale nilipotaka kuweka kidole.
Basi nikasema: Tuvalu imo tunduni humu.

Wakacheka. Nikachukua chaki.

Nukta tisa, zimeshuka ubaoni kwa mshazari
kama mbegu za papai zilizotemwa na mtoto.
Jina lao maana yake wanane waliosimama pamoja,
kwani cha tisa, Niulakita, zamani hakikuwa na wakaazi.
Famau akahesabu tena kwa vidole. Tisa. Akanuna
kama aliyepunjwa chenji dukani.

Ukubwa: kilomita za mraba ishirini na sita.
Manda, hapo ng'ambo, ingeimeza nchi hiyo
pamoja na bunge lake, na punda wakapata pa kulala.
Kimo: mita nne na ushei.
Vilima vya mchanga vya Shela, tunavyoteleza siku ya Idi,
ni Kilimanjaro mbele yake.
Mito: hakuna. Nikalipigia mstari neno hakuna,
maana huja kwenye mtihani.

"Mai ya kunwa, je?" Mwanamkuu, dirishani.
Ya mvua. Mapaa huyakinga, matangi huyaweka.
Na chini ya mchanga pana matamu kidogo
yaliyoelea juu ya chumvi kama mafuta juu ya mchuzi,
sawa na visima vyetu; ukivuta sana, chumvi hupanda.
"Kwetu imeshapanda," akasema.
Mamake hutia sukari ya chai mara mbili, na bado.

Ardhi: tumbawe. Gusa ukuta, nikawaambia,
na watoto thelathini na wanane wakageuka
wakapapasa palipobanduka lipu. Hili ndilo.
Sisi tulilikata, tukalichoma likawa chokaa,
tukapanda nalo ghorofa juu ya ghorofa.
Wao wamelilalia lilivyo, utepe mwembamba,
bahari huku, ziwa la chumvi huku;
Funafuti pana mahali jiwe la mtoto
huvuka nchi, likadondokea upande wa pili.

Kisha Mwanamkuu tena (huyu mtoto ataniua):
"Na wafu wao? Ukifukua, si utakuta mai?"

Hilo halimo kitabuni.
Nilikumbuka kaburi la babangu, siku za bamvua,
wachimbaji wakichota kwa kopo la rangi, wakichota,
na ami Bwanaheri akisema haraka, jamani, haraka,
huku akiutazama ufuo, si sisi.

Kengele. Nikafuta ubao.
Nukta nane zilitoka.
Ya juu kabisa, Nanumea, ilikuwa imezama kwenye ufa
na ikakaa humo wiki nzima.
Mwalimu wa hesabu akaisoma kama desimali.