Ngazi Zinasema

Mhusika wangu anaitwa Nzilani, mkunga kipofu
anayeisoma mvua kwa ncha za vidole.
Nimemlea miezi kumi na minne:
nimempa kikohozi, nimempa deni la mbuzi wawili,
nimempa dada asiyemsemesha.
Mchezo wenyewe umempa namba tu, kumi na mbili,
inayoning'inia juu ya kichwa chake
kama bei ya fungu la nyanya.

Jana usiku, kwenye Daraja la Chumvi,
tulikuwa tunasimuliana, watu tisa, kila mtu na zamu yake.
Nilikuwa nimeandika kwamba Nzilani amemtambua muuaji
kwa harufu ya kiganja.
Akaingia mmoja, ngazi ya themanini na sita,
deraya nyeusi, mabawa ya moto, akaandika:
*Nakukata kichwa. Huwezi kukwepa.
Ngazi zinasema.*

Ngazi.
Mimi ni wa ghorofa ya saba, Pipeline,
jengo lisilo na lifti.
Najua zinachosema ngazi.
Zinasema mtungi wa lita ishirini
hubadilishwa mkono kila baada ya ghorofa mbili.
Zinasema Kwamboka wa chini hulipa kodi kuliko mimi,
maana huku kwetu kadiri unavyopanda
ndivyo unavyoshuka.

Nikamjibu nje ya hadithi, kwa herufi kubwa:
NAMBA NI ZA KUULIA MAJOKA YA KOMPYUTA.
Hii ni hadithi. Katika hadithi
siafu huingia sikioni mwa ndovu, ndovu akalala chini.
Mwenye nguvu ni aliyesimuliwa vizuri.
Wenzangu wakaniunga mkono. Mmoja akatuma kicheko.
Mwenye mabawa akanyamaza
hadi nikadhani bando limemwishia.

Kisha akaandika, polepole, bila deraya:

*Naitwa Sirengo. Ni bawabu, kiwanda cha magodoro, Eneo la Viwanda.
Miaka kumi na moja, lango lile lile, koti lile lile.
Sijui kuandika kama nyinyi. Nikiandika sentensi tatu
binti yangu huhesabu makosa.
Lakini usiku naua mbwamwitu, mmoja mmoja,
mia nne kwa ngazi moja,
mpaka kidole gumba kivimbe.
Na kila ngazi nilipewa siku niliyoistahili.
Si kwa kujuana. Si kwa shemeji wa meneja.
Leo unaniambia hazihesabiki?*

Nilikuwa na hoja nyingine tayari,
ya wale wanaonunua ngazi kwa kadi ya benki ya mama,
wanaolala maskini na kuamka miungu.
Hoja hiyo bado naiamini.
Haikumhusu.

Chini, pampu ikaanza kunguruma.
Milango ikabamizwa, mitungi ikagongana,
jengo zima likashuka mbio kuwahi maji.
Sikutoka. Zamu ilikuwa yangu,
na watu wanane walikuwa wakinisubiri nife
au nikatae kufa.

Nikaandika:

*Upanga unashuka. Nzilani hakwepi.
Ameusikia uzito wake tangu ulipoinuliwa,
na anajua hakuna neno litakaloufanya mwepesi.
Ananyosha mkono, lakini si kujikinga.
Anakipapasa kidole gumba kilichoshika mpini.
Hiki kimevimba, anasema.
Nani hukukanda?*

Nikatuma.

Dakika moja. Tano.
Vile vidoti vya mtu anayeandika vikatokea,
vikatoweka, vikatokea tena.
Labda anafuta. Labda gari limepiga honi langoni
na amekwenda kufungua.

Nikabeba mtungi, nikashuka ngazi zote,
simu ikiwaka mfukoni,
nikapanga foleni nyuma ya Kwamboka
bila kujua kama bado nina kichwa.