Vipimo vya Muste

Ravdna hapimi kwa jicho.
Jicho lina huruma, utepe hauna.

Karasjok, Januari, dirisha limeganda.
Aslak kamshika mbwa kidevu,
Ravdna anapenyeza utepe hadi kwenye ngozi.
"Manyoya huongopa," asema.
"Mbwa wa baridi huvaa mbwa mwingine juu."

Shingo: vidole viwili vipite, cha tatu kikwame.
Kifua: nyuma ya miguu ya mbele,
na angoje Muste ashushe pumzi.
Mgongo: toka mabegani hadi shina la mkia,
asisogee, asi—
anaramba utepe penye sitini na tano.

Kisha daftari, ukurasa wenye doa la kahawa.
Kifua, mwaka baada ya mwaka:
sabini na nane,
themanini,
themanini na moja, mwaka ule walipovuka ziwa usiku
barafu ikilia chini yao.

Leo sabini na mbili.

Anapima tena. Analegeza kidogo, kidogo zaidi.
Sabini na mbili.

"Mshonee mikanda ileile ya mwaka jana," asema Aslak,
akilitazama jiko.
"Itamchubua makwapa."
Kuni zinapasuka. Hakuna anayeziongeza.

Ravdna analowesha penseli ulimini,
anafuta neno *sleji* mbele ya jina,
anaandika *koti*. Bitana ya sufu.
Nyekundu, aonekane thelujini akichelewa.

Na Muste, asiyejua kusoma,
kasimama wima, kifua mbele, masikio juu,
kama asubuhi za kufungwa kamba,
anasubiri aambiwe: haya.