Nusu ya Kesho

Kidonge kina mstari katikati,
nacho chavunjika vyema kuliko chaki.
Nusu naimeza na chai,
nusu ya kesho nairudisha
kwenye kikasha cha chaki nilichokitoa skuli,
juu ya kabati, nyuma ya Msahafu,
ambapo hapana mtu, nilidhani, atakayepeleka mkono.

Mimi nasomesha hesabu darasa la saba, hapa Wete.
Basi fanyeni hii:
Mtu ana vidonge kumi na vinne.
Daktari wa maradhi ya nafsi anatoka Unguja,
atafika Chake baada ya siku thelathini na moja,
bahari ikikubali,
jina lisiporukwa.
Kila siku nusu. Je, vitatosha?
Havitoshi. Zinabaki siku tatu,
na jibu lake halimo nyuma ya kitabu.

Ilianza kwenye foleni ya boflo.
Hakuna aliyenitukana, hakuna aliyekufa.
Moyo tu, ukagonga kama mtu anayedai deni
na mlango anaujua.
Nikaacha boflo, nikaacha na chenji.
Tangu siku ile kila foleni naipima kwa macho:
pa kutokea ni wapi,
nitaangukia upande gani.

Shemeji Shaame aliniletea kombe,
zafarani na marashi kwenye sahani nyeupe.
Nilikunywa, sikubakisha tone.
Maneno yale yananituliza tangu utoto.
Ila saa nane za usiku maneno yapo,
na mikono nayo ipo, inatetema.

Faki wa duka la dawa alisoma cheti mara mbili.
"Hivi ni vya kusubiria, mwalimu.
Vitakushika mkono, havitakuvusha njia.
Usizidishe. Wala usiviache ghafla."

Furaha havileti.
Ni kama jirani kapunguza redio:
kelele ni ile ile,
ila sasa nasikia na maji yakichemka.
Na ulimi huwa mzito.
Jana nimesema saba mara nane hamsini na nne.
Nasra, dawati la mbele, akanitazama,
akauinamia mkono wake, hakuunyoosha.

Leo nimefungua kikasha.
Kila nusu imefungwa kwenye kipande cha daftari,
tarehe juu, kwa mwandiko wa Mize.
Mke wangu, ambaye sikumwambia kitu.
Kahesabu. Kafika pale pale nilipofika mimi:
tarehe tatu za mwisho
vikaratasi vimekunjwa, ndani hamna dawa.
Viwili vitupu kabisa.
Cha tatu kina maneno, kwa penseli:
*Leo siendi kokote.*

Nikavikunja upya kwa mikunjo ile ile,
nikarudisha kikasha, Msahafu mbele yake.
Jikoni anauliza nani ataenda kuchukua boflo.
Nimevaa kiatu kimoja.
Cha pili nimekishika.