Noti Niliyoiruka

Mpwa wake kanipa ufunguo na maboksi saba:
"Bwana Ksawery, wewe ndiye ujuaye kipi ni cha nini.
Watu wa makumbusho ya jiji watafika Alhamisi."
Łódź inanyesha theluji ya maji. Tramu inapita,
vikombe vinagongana kabatini kama zamani.

Naanza na chuma.
Ndege huyu wa shaba ni wa tamasha la filamu,
mwaka wa ile sinema ya wafumaji waliogoma.
Kichwa kilikatika Bogna akipasulia lozi
usiku wa Krismasi, wageni wamejaa, nyundo haionekani.
Pembe hii ya kioo ilizuia dirisha la jikoni lisijifunge,
kiangazi hadi kiangazi.
Medali ya Wizara nimeikuta kwenye kopo la vifungo.
Utepe wake haupo: alivalishwa paka wa jirani,
naye paka akafa na heshima zake zote.

Cheti kimoja kinamwita Bwana Wiertelak.
Hakukirudisha. Alikitia fremu, akakitundika chooni:
"Maskini bwana huyu," alisema,
"kapanda jukwaani hakuitwa."

Mimi nilikuwa mnakili. Miaka thelathini na mmoja.
Yeye akitunga kwa penseli, mbio, noti zimemwagika
kama mbegu za haradali kwenye ubao wa kukatia;
mimi nikiziokota moja moja kwa wino,
karatasi ya fidla, karatasi ya filimbi, karatasi ya ngoma,
mpaka alfajiri ya mazoezi.
Jina la mnakili haliandikwi. Sikulalamika,
wala leo silalamiki; nasema tu.

Sasa hili. Jiwe la marumaru,
tuzo kuu ya muziki wa jukwaani,
kwa tamthilia ya mke wa mwasha taa.
Katika onyesho la mwisho sello hubaki peke yake,
hushuka ngazi baada ya ngazi, na noti ya mwisho kabisa
ilipaswa kushuka nusu sauti zaidi, ikalie huko chini.
Alama ya kushusha ni ndogo, sikio la panya.
Saa tisa usiku, makaa yameisha jikoni,
nikairuka.
Kesho yake sello ilifika pale, ikasimama wima.
Bogna aliinua kichwa. Akakiinamisha. Hakusema neno.
Nami nikanyamaza; mwenye kosa hana haraka.

Majaji waliandika, na mwigizaji mwenye sauti nene akasoma
ukumbini, chini ya taa za fuwele:
"Hasa ile noti moja ya sello, inayokataa kulia."
Watu wakasimama. Makofi.
Bogna, maua kifuani, alinitafuta hadi safu ya kumi na nne.
Mimi nilikuwa nikitazama viatu vyangu,
ambavyo vilikuwa vya shemeji yangu.

Jiwe akalitia kazini. Kila vuli
lilikandamiza kabichi ndani ya pipa.

Chini kabisa ya boksi la saba, daftari la penseli.
Nimelifungua onyesho la mwisho
kama mtu ajipelekaye kituo cha polisi kwa miguu yake.
Alama ilikuwepo. Imefutwa.
Karatasi imesuguliwa hadi mwanga unapenya,
na pembeni, tarehe ya siku ile ya mazoezi, mwandiko wake:
"Ksawery kasikia vizuri kuliko mimi."

Sikusikia kitu, Bogna.
Nilisinzia.

Nimemaliza kuandika lebo: ndege, pembe, medali isiyo na utepe.
Bwana wa chooni naye nimemwandikia yake.
Jiwe nimeliosha mara tatu, sabuni na maji ya moto.
Bado linanuka kabichi.